Vioo Vilivyochorwa Namba

Mama alikuwa na sharti moja tu: gari la Baba liuzwe zima. Asije mtu akalinunua asubuhi, na jioni taa zake ziwe kwenye kibanda hiki, milango kwenye kibanda kile, na injini inavutwa kwa mkokoteni. "Mkilichinja," alisema, "hicho chumba chenu kaeni wenyewe."

Chumba chenyewe kilikuwa cha kumjengea yeye, pale gari lilipokaa. Magoti yalikuwa yamemgomea, na sisi tunaishi ghorofa ya pili, juu ya ile nyumba ndogo ambayo wazazi wangu waliinunua polepole halafu wakaiongezea kwenda juu kama kila mtu hapa Umoja. Chini kuna duka la nafaka na saluni, na kodi yao ndiyo inayotulisha. Kipande pekee cha ardhi kilichobaki ni pale chini ya mabati ambapo gari lilikuwa limeegeshwa. Ngazi zetu ni thelathini na nane. Najua kwa sababu Mama alikuwa akizihesabu kwa sauti kila alipopanda, hadi siku alipofika ishirini na mbili, akaketi, akasema akifika juu hatashuka tena mpaka siku ya kubebwa. Tangu hapo kanisa alilisikia dirishani tu. Liko ng'ambo ya barabara yetu, na nyimbo zinamfikia vizuri. Huitikia akiwa kitandani, akilalamika kwamba sauti ya pili wameiharibu tangu yeye alipoondoka.

Kwa hiyo mpango ulikuwa mwepesi. Gari litoke, mwashi aingie, Mama apate chumba cha chini chenye mlango wa kumtoa nje kwa miguu yake mwenyewe. Ila litoke zima.

Niseme mapema kwamba mimi ni mdadisi. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na mwalimu asiyependa kupekua huishia kudanganywa. Majirani husema najua kilichomo kwenye sufuria ya mtu kabla mwenyewe hajatia chumvi. Wanatia chumvi hao, lakini si nyingi. Ndugu zangu waliponisukumia kazi ya kuuza gari kwa kuwa nimestaafu na niko nyumbani, walidhani wamenitwika mzigo. Mimi niliipokea kwa hamu. Sijawahi kuendesha gari hata mita moja. Nilitaka tu kujua ni watu wa aina gani hununua gari lililowazidi umri makondakta wote wa barabara hii, na huwa wanatafuta nini wanapofungua boneti na kunyamaza.

Lilikuwa gari dogo la abiria, la Kijerumani, rangi ya chai ya maziwa, lenye ile nyota ya pembe tatu puani na usukani mkubwa kama sinia la pilau. Baba alikuwa karani wa reli. Alipostaafu, wenzake walirudi magharibi wakajenga nyumba za matofali na kununua ng'ombe wa maziwa. Yeye alinunua gari kutoka kwa mkubwa mmoja aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo, na huko nyumbani mashemeji bado wanalizungumzia jambo hilo kwenye matanga. Alijitetea kwa neno moja. "Hili ni la mwisho," alikuwa akiwaambia wageni kabla hawajamaliza kusalimia. "Baada ya hili walizima mtambo, wakaanza kutengeneza muundo mwingine. Ni kitinda mimba."

Nyumbani kwetu kitinda mimba ni mimi. Sikufurahi hata kidogo kupata mwenzangu wa chuma, tena nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na nakiri kwamba nililionea wivu. Mimi sikuwahi kuoshwa kila Jumamosi kwa maji ya vuguvugu.

Jambo lingine ambalo wageni waliliona ni namba. Mtu wa Nairobi hashangai kuona namba ya gari imechorwa kwenye vioo vyake, maana kila mmoja anajua kisa. Vioo vya pembeni huibwa gari likiwa limesimama kwenye taa, na kesho yake unakwenda kwenye vibanda vya vipuri kununua vioo, unakuta ni vyako. Baba yalimpata wiki ya kwanza. Alirudi nyumbani na vioo vyake mwenyewe vimefungwa kwa gazeti, kavinunua kama vya mtu mwingine, na hakula siku hiyo. Baada ya hapo gari lilichorwa. Wengine huchora vioo vya pembeni wakatosheka. La Baba lilichorwa kila kioo, kila taa, kile kioo cha ndani, kisahani cha majivu ya sigara, hata kifuniko cha saa. "Nimelipeleka kwa fundi mmoja wa mjini," alisema, na akakataa kabisa kumtaja.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Gari likabaki chini ya mabati, na kila mwisho wa mwezi fundi kutoka Kariobangi alikuja kuliwasha, akalisogeza mbele na nyuma, akanywa chai. Nilipoamua kuliuza nilipiga picha tano kwa simu na kuziweka kwenye mtandao. Niliandika kwamba ni la mwisho kutengenezwa, kwa kuwa ndivyo nilivyosikia maisha yangu yote.

Wa kwanza kuja alikuwa broka, mwenye viatu visafi mno kwa mtaa wetu. Alilizunguka mara moja akigongagonga milango kama mtu anayechagua tikiti maji. Nikamuuliza anasikiliza nini.

"Nasikiliza kama kuna putty, ule udongo wa kuziba kutu, mathe. Mwili uko poa. Hii nikiichinja, mlango peke yake kuna msee ako Thika anauliza kila siku."

"Ukiichinja?"

"Eh, hii watu hawaendeshi. Hii ni ya spea."

Kule juu dirisha likafunguliwa. Mama alitoa tu mkono, akaonyesha lango kwa kidole. Broka alitazama juu, akacheka kidogo, akaona kwamba kile kidole hakirudi ndani, akaenda zake.

Walifuata wengine wa aina hiyohiyo, na kila mmoja alinifundisha kitu. Nilijifunza mahali ambapo kutu hujificha. Nilijifunza kwamba mtu akisema "nitakupigia" huku anatazama simu, hatakupigia. Mama naye alikuwa akidhoofika mle chumbani. Asiyetembea huacha kula, na asiyekula huacha kubishana, na alipoacha kubishana na mimi kuhusu ukali wa chai ndipo nilipoogopa kikweli. Mwashi aliniambia kazi nyingine zinamsubiri. Nililala nikiliwaza lile broka la viatu visafi, nasema ukweli. Niliwaza kumdanganya Mama.

Ndipo akapiga simu mwanamke mmoja mwenye sauti ya taratibu. Alisema yeye ni daktari wa meno, na kwamba ana mapenzi na magari ya zamani. Ana mawili ya muundo huo, ila hana la mwaka wa mwisho.

"Kwani la mwisho lina nini?" nilimuuliza. Swali hili lilikuwa limenikaa kooni tangu enzi za Baba.

"La kwanza huwa na makosa ya kujifunzia, Mwalimu. Kila mwaka wanasahihisha. Ukifika la mwisho, yote waliyojua wameshayatia humo. Halafu wanaliacha."

Nilipenda jibu hilo. Nilijiona nimetetewa na mimi.

Akasema atakuja Jumamosi asubuhi. Kabla ya kukata akaongeza, "Na tafadhali, usijisumbue kulitengeneza. Liache kama lilivyo kwenye picha."

Hapo ndipo nilipokosea, na wa kulaumiwa ni malezi yangu. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambamo mgeni akisema "msijisumbue, nimeshiba," kuku keshakamatwa. Akisema "nitakunywa maji tu," unatia majani ya chai. Kumwamini mgeni anapokwambia usijisumbue ni kumtukana, na angeondoka akisimulia huko kwamba alipewa maji kweli. Kwa hiyo nilipomsikia daktari wa watu akisema nisijisumbue, nikajua nina siku tatu za kujisumbua.

Alhamisi fundi alikuja akalipeleka gari Kariobangi, nami nikiwa nimeketi kando yake na mkoba magotini. Liliogeshwa, likapakwa nta hadi nikaona kilemba changu kwenye mlango. Bado fundi alikuwa amesimama anatikisa kichwa.

"Ticha, hizi namba zinaliharibu. Saidi mira zimechorwa, taa zimechorwa. Linakaa kama gari ya mtu ana wasiwasi."

"Baba alikuwa na wasiwasi."

"Sawa, lakini buyer hataki wasiwasi. Nikuwekee safi. Kuna jamaa wa spea hapo mbele, tunabadilishana tu, za zamani anachukua, anatupatia clean. Hata haulipi kitu ya maana."

Nilifikiri kidogo tu. Niliona ni kama kumvua mtoto nguo yenye kiraka kabla ya kumpeleka kanisani. Nikakubali. Vikang'olewa vioo vya pembeni vyote viwili, taa mbili za mbele na mbili za nyuma. Alipokuwa akifungua ile ya nyuma kushoto fundi aliniita nije nione. Hata upande wa ndani, ambapo jicho la mwizi haliwezi kufika, namba ilikuwa imechorwa. "Huyu mtu hakuwa anacheza," alisema. Nilishangaa, nikajiuliza kwa nini mtu ajitaabishe kuchora palipofichika. Lakini mvua ilikuwa inakaribia, na swali likaniponyoka. Si kawaida yangu.

Jumamosi daktari akaja. Mwanamke wa makamo, suruali ya kazi, nywele zimefungwa kitambaa, mkeka mdogo kwapani. Alimsalimia Mama kwa kupunga mkono dirishani, akatandika mkeka chini, akalala chali na kuingia uvunguni. Nilichuchumaa kumtazama. Alikuwa na tochi ndogo na kile kioo kidogo chenye mpini ambacho wao huangalizia magego. Nikamuuliza hiki ni nini na kile ni nini, na alinijibu yote bila kuchoka. Alipotoka chini alikuwa anatabasamu. Kisha akaenda mbele ya gari, na tabasamu likaisha.

"Taa zimebadilishwa."

"Tumekuwekea safi," nilisema kwa fahari.

Alikwenda kwenye kioo cha pembeni, akakipitishia kidole. Akakwenda cha pili. Kisha akatoa simu yake akanionyesha picha niliyoipiga mwenyewe, ameivuta karibu hadi namba ikasomeka kwenye kioo. "Mwalimu, hizi ndizo zilizonileta. Magari ya umri huu katika mji huu yote yamebadilishwabadilishwa, taa ya hili, kioo cha lile. Huwezi kujua kilichozaliwa nacho. Nilipoona kila kitu kina namba yake nikajua hili halijawahi kuguswa. Nikakwambia usijisumbue."

Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba kuna watu duniani ambao wakisema usijisumbue wana maana hiyo. La pili lilikuwa chungu zaidi. Miezi yote hiyo nimewafukuza wachinjaji, kumbe mchinjaji ni mimi. Nililikalisha gari chini ya mkono wa Mama, halafu nikalitoa viungo kwa hiari yangu, tena bila kusukumwa na mtu.

Daktari hakuwa mtu wa kukasirika haraka. Alisema twende Kariobangi, tukaenda kwa gari lake. Fundi alipotuona alielewa kabla sijafungua mdomo, akatutangulia hadi kwa yule jamaa wa vipuri. Taa zote nne zilikuwa bado chini ya meza, hazijaguswa. Kioo cha kushoto kilikuwa kimetundikwa kwenye waya. Cha kulia, upande wa dereva, kilikuwa kimeuzwa jana yake.

"Kwa nani?" niliuliza.

"Ticha, mimi siulizangi."

Nilimwona kama kiumbe wa ajabu. Mtu anayeishi bila kuuliza!

Tulirudi Umoja, fundi akarudisha taa na kioo cha kushoto. Kulia kikabaki kile kisafi, kitupu. Daktari alisimama kando akakitazama. "Nilifuata seti kamili," alisema. "Niache nifikirie, Mwalimu." Na katika mji huu "niache nifikirie" ni kwaheri. Nilitazama juu. Mama alikuwa dirishani, kidevu kwenye kiganja, anasubiri kujua kama atashuka au hatashuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari alikuwa ameinama kwenye kioo cha kushoto na lenzi ndogo ya kukuzia aliyoitoa mfukoni. "Hata hivyo nimeshangaa," alisema, kama anajisemea. "Hii si mashine. Nilidhani ni mashine. Huyu ni mtu na mkono wake. Ona saba."

Nikaona saba. Ilikuwa na kimstari katikati, na mkia umekunjwa kuelekea kushoto, kama ndoano. Nilikuwa nimeiona saba hiyo kwenye majalada ya daftari zangu zote za shule. Niliiona kwenye mtungi wa maji, kwenye bahasha za sadaka, kwenye kalenda ya ukutani penye siku za kliniki. Nilikuwa nimeipita mara elfu kwenye gari la Baba na sikuitazama. Mpekuzi wa mtaa mzima! Kilichokuwa uani kwangu sikukipekua.

Nilipanda zile ngazi nikahema. Mama alikuwa amerudi kitandani na ungo wa maharagwe, anajifanya hakuwa dirishani.

"Mama, nani alichora namba kwenye gari?"

"Baba yako alisema nani?"

"Fundi wa mjini."

"Basi."

"Mama."

Aliendelea kuchambua. "Huyo fundi wa mjini mchana alikuwa kiwandani," alisema. "Jioni alikuwa jikoni anakupikia ukija na watoto wako."

Mama alifanya kazi Industrial Area, kwenye kiwanda cha vioo. Hilo nililijua. Nililojua mimi ni kwamba alirudi na vidole vilivyokatwakatwa na kunuka gazeti. Nilidhani anafunga vioo kwenye makaratasi, kazi ya wanawake wote wa pale. Sikumwuliza hata siku moja. Sasa alinieleza kwa maneno machache: kwamba alikuwa akichora majina kwenye vikombe vya zawadi na milango ya maofisi, kwamba alipoacha kazi alipewa kalamu yake yenye ncha ya almasi, na kwamba Baba aliporudi siku ile na vioo vyake vya kununua mara ya pili, yeye aliitoa ile kalamu akashuka chini. Jumapili nne, baada ya ibada, yeye akichora, Baba akimshikia tochi.

"Na mbona hakusema ni wewe?"

"Nilimkataza. Mtaa mzima ungeniletea vioo, na hakuna ambaye angelipa." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharagwe. "Na yeye alipenda kuwa na siri. Ilimkaa vizuri."

"Na upande wa ndani wa taa? Kule hakuna anayeona."

"Wewe ukifua nguo, ndani hufui?"

Nilimwambia basi yote niliyofanya: fundi, kubadilishana, kioo cha kulia kilichokwenda. Nilisimama kama mtoto aliyevunja kikombe. Alinisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukabadilika. Alisema kwa sauti ya chini, "Umelichinja, mwanangu," na niliona heri angenipiga. Nilimwomba msamaha. Aliuweka ungo kando, akanyoosha kidole kwenye mkebe wa sindano juu ya kabati.

"Niletee hiyo. Na unipe mkono."

Nilimwambia Mama, ngazi. Akasema anaijua idadi yake. Tulishuka yeye akiwa ameketi, ngazi kwa ngazi, mimi mbele yake nikirudi kinyumenyume, mwenye saluni akimshika nyuma. Alihesabu tena kwa sauti, akipumzika kila baada ya nne. Alipofika chini uso ulikuwa umelowa jasho na macho yanang'aa. Daktari aliona, akavuta kiti cha duka la nafaka na kukiweka kando ya kioo cha dereva.

Mama alikitazama kile kioo kitupu kwa dharau ya kitaalamu. Alikipumulia, akakifuta kwa ncha ya leso. Kalamu ilipogusa kioo nikafumba macho. Niliposikia ule mlio mwembamba wa almasi ukienda bila kukatika, nikafumbua. Mkono ulikuwa umetulia. Alichora herufi, akachora tarakimu, na alipofika kwenye saba aliivuta chini, akakunja mkia kushoto, akapitisha kimstari. Alitazama kazi yake, kisha kioo cha kushoto, kisha tena yake.

"Ile ya zamani ni nzuri zaidi," alisema. "Nilikuwa na macho."

Mimi, kwa kuwa siwezi kujizuia, nilimwuliza daktari kama hii si kughushi. Kioo si kile. Alicheka. "Mwalimu, gari ambalo aliyelichora bado yuko na analichora mbele yangu, nitalipata wapi tena?" Halafu akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, nitalichukua."

"Utalichinja?"

"Mama, mimi hung'oa meno. Gari sing'oi hata parafujo."

"Utaliendesha?"

"Kila Jumapili."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Fundi alirudisha gari nyuma taratibu hadi nje ya lango, watu wa duka wakashangilia, na daktari akashika usukani akaondoka nalo, akiliacha lake kwetu hadi jioni. Nililitazama hadi kona. Nilidhani nitafurahi kubaki kitinda mimba peke yangu. Nilihisi upweke, na sitaficha.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesogezewa kiti katikati ya pale palipokuwa na gari, kwenye sakafu yenye mafuta, chini ya mabati.

"Haya Mama, tukurudishe juu kabla mvua haijaja. Mwashi anaanza Jumatatu. Wiki tatu tu."

"Sirudi."

"Hakuna ukuta, Mama."

"Nimeona hakuna ukuta. Niletee godoro."

Tulibishana kwa saa nzima, na moyo wangu ulikuwa unashangilia kwamba anabishana. Nilishindwa. Tulimwaga vumbi la mbao juu ya mafuta tukafagia, tukatandika makatoni, tukashusha kitanda, blanketi tatu na mkongojo wake. Mwenye duka alitoa magunia, mwenye saluni mapazia yake, tukazungushia leso pande zote mbili zilizo wazi. Mama alitoa maagizo kutoka kitini kama mnyapara.

Asubuhi ya Jumapili nilishuka na chai. Niliifanya kali, anavyoitaka yeye. Nilibisha hodi kwenye leso, nikajicheka mwenyewe, maana nani hubisha hodi kwenye nguo. Kimya. Nilifunua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, blanketi zimekunjwa, na mkongojo haukuwepo. Lango lilikuwa wazi nusu.

Nilitoka mbio hadi barabarani na kikombe mkononi. Ng'ambo kule walikuwa wamekwishaanza wimbo wa kwanza, na katikati ya sauti ya pili nikaisikia ya kwake, inawaburuta wenzake hadi mahali pake panapostahili. Sikuvuka. Nilirudi nikaketi kwenye kitanda chake, nikalia, nikainywa ile chai yote peke yangu.